Mguso wa Nne

Wewe utakayepewa kiti hiki baada yangu, nakusihi kwa jina la mama yako: haya yaishie kwako. Daftari nimelilaza chini ya karatasi iliyotandikwa kwenye droo ya tatu. Hapo hafiki mtu mpaka awe amekaa ofisini siku nyingi, amechoka, ameanza kupanga droo. Kwa hiyo naamini wewe ni karani kama mimi. Usilisome kwa sauti. Usilipeleke nyumbani. Usimwonyeshe Viktor hata akikuchekesha. Humu kuna msichana wa miaka kumi na miwili ambaye siku moja atataka kuolewa, na kuna mama ambaye majirani wamekwisha kumsema vya kutosha. Maliza kusoma, lirudishe lilipokuwa, uinuke na uso uleule ulioingia nao.

*Jumatatu, 2 Machi 1998*

Mvua tangu alfajiri. Nimeanza kuandika kwa sababu kichwa hakitoshi tena kuwekea vitu.

Naitwa Febronia. Nina miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha sita kwa masista, na tangu Januari ni karani katika nyumba ya utafiti iliyo nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Tuko wanne. Dokta Aikande, mama wa Machame aliyesoma mpaka ng'ambo, ndiye mkuu. Viktor, Mngoni, anapika chakula cha minyoo na kuwahamisha sahani. Mzee Ngusa, Msukuma, analinda. Mimi naandika majalada na kuhesabu.

Tunahesabu minyoo. Si ya tumboni. Ni minyoo mviringo ya udongoni, mmoja ni mdogo kuliko koma ninayoiandika hapa, na bila hadubini huoni kitu. Dokta anasema neva zao na misuli yao hutumia vimeng'enya kama vyetu, kwa hiyo ugonjwa wa mtu unaweza kuulizwa kwa mnyoo.

Ugonjwa wenyewe naujua kuliko wote hapa, ila hawajui kwamba naujua. Mtoto anazaliwa mzima. Halafu kope zinaanguka, mikono inachoka mapema, na homa ikija pumzi inakatika. Kabatini kuna majalada ya familia kumi na moja za bonde hili. Jalada la saba ni la Balbina wa Mofu: watoto watano, wawili wamefariki, mmoja mgonjwa, wawili wazima. Balbina ni mama yangu. Mgonjwa ni Paulina, mdogo wangu, ninayeishi naye chumba kimoja huku Lumemo ili awe karibu na hospitali.

Siku ya usaili Dokta aliniuliza, "Una ndugu yeyote kwenye familia zetu?"

Nikasema, "Hapana, Dokta."

Jina langu la pili ni la baba, si la mama, basi likapita. Nilihitaji kazi. Na nilitaka kuona wanaifanyia nini damu waliyoichukua Mofu mwaka juzi wakaondoka nayo bila kurudi na jibu.

*Jumanne, 3 Machi*

Mvua. Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa tisa.

*Alhamisi, 5 Machi*

Viktor ananitazama. Leo nimemkamata mara mbili.

"Mtani," akasema, "mbona leo kope zimelala? Ninyi Wandamba mnasinzia wima kama korongo."

"Na ninyi Wangoni mlikuja kututeka, mkaishia kuwapikia minyoo uji."

Akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Na mimi nikacheka. Halafu nikaenda chooni nikatoa kioo cha poda nikajitazama. Kope zangu ziko sawa. Kwa nini ataje kope? Kuna pua, kuna masikio.

*Jumatatu, 9 Machi*

Leo nimeviona vidonge. Kabati la chini lilikuwa wazi: chupa kumi na mbili, hazijafunguliwa, na kwenye lebo jina la ugonjwa wetu. Paulina jana hakuweza kujichana nywele. "Dada, nisuke wewe," alisema, "mikono imeisha." Na hapa, hatua nane kutoka kwenye meza yangu, dawa imefungiwa.

Nikauliza kama karani anayeuliza mahali pa kuorodhesha kitu. "Dokta, vile vya kabati la chini niviandike kama vya kugawa?"

"Bado." Akavuta kiti. "Sikiliza, ni vizuri ujue. Neva ikitaka msuli usogee, inautumia ujumbe. Kuna kimeng'enya kinachotengeneza ujumbe huo, na kingine kinachoufuta ukishafika. Kwenye familia nyingine kilichoharibika ni kile cha kutengeneza, msuli hausikii. Nyingine ni kile cha kufuta, msuli unapigiwa kelele mpaka unazimia. Ukimtazama mgonjwa huwezi kuwatofautisha."

"Na vidonge?"

"Vinazuia kufuta. Ukimpa mwenye ujumbe haba, anainua kope siku hiyohiyo. Ukimpa yule wa kelele, umemwongezea kelele. Unaweza kumfunga pumzi."

Ndiyo sababu ya minyoo. Wenzake wa ng'ambo wamepandikiza kwenye minyoo kasoro za familia sita zilizochukuliwa kwenye damu. Sisi tunawaweka kwenye rojo lenye sumu inayofanya kazi kama vile vidonge. Wenye ujumbe haba watachelewa kusimama, yaani kuganda wasisogee tena. Wasiofuta watasimama upesi. Sahani ni nane, A mpaka H: sita za familia, mbili za minyoo wa kawaida.

"Herufi ipi ni familia ipi?"

"Sijui," akasema.

Akanionyesha bahasha ya kaki, imefungwa kwa gundi, na juu ya mfuniko kuna sahihi yake mwenyewe. Ilikuja imefungwa pamoja na minyoo, sahihi akaiweka siku alipoipokea. Itafunguliwa hesabu zikiisha, katikati ya Mei. Akaiweka kwenye kabati la majalada, ambalo ufunguo wake ninao mimi.

Msomi wa daraja lile, hajui kilichomo kwenye sahani zake? Nani anaficha jambo asilolijua?

*Alhamisi, 12 Machi*

Kuhesabu ni hivi. Minyoo ishirini na watano kila sahani. Baada ya saa moja na nusu kwenye sumu unachukua waya mwembamba kama unywele, unamgusa mnyoo kichwani, mkiani, kichwani tena. Akijikunja hata kidogo, anasogea. Asipojikunja, unabofya kibofyo cha kuhesabia: amesimama.

"Mara tatu," Dokta amenirudia. "Si mbili, si nne."

Mzee Ngusa alikuwa mlangoni anakung'uta koti la mvua. "Kama hodi," akasema. "Unapiga tatu. Kimya, unaondoka."

Leo waliosimama: wa kawaida 12. B 4. D 21. Wengine katikati. Kila mtu anaona kwamba B ni wazito kusimama na D wanadondoka kama nzi. Ila D ni wa nani?

*Jumatatu, 16 Machi*

Mvua. Umeme umekatika mara tatu. D 20.

*Jumatano, 18 Machi*

Mto Lumemo umepanda mpaka njiani. Nimempakia Paulina nyuma ya baiskeli, nikasukuma huku maji yanafika kwenye mnyororo. Mama Serafina, mwenye nyumba wetu, alikuwa barazani anachambua mchele.

"Febronia, tunasikia mnafuga minyoo ya kuwatia watu."

"Ni ya udongoni, mama. Haiingii mwilini."

"Na damu mnaipeleka wapi?"

Nikaegemeza baiskeli ukutani. Swali ni langu pia.

*Alhamisi, 19 Machi*

D 22.

*Alhamisi, 26 Machi*

D 21. Barua ya mama imeletwa na mtu wa samaki, wale wanaotoka Mofu kuuza sokoni. Wamehamia mashambani, analala kwenye dungu, kile kichanja kirefu cha shambani, anaamia ndege wasile mpunga, mpunga umeanza kutoa masuke. Anauliza: "Waliochukua damu wamesemaje?"

*Alhamisi, 2 Aprili*

Nimeingia nikamkuta Dokta ana jalada la saba mezani. Aliponiona alilifunga. Halikufungwa haraka, lilifungwa taratibu, na taratibu ndiyo mbaya zaidi. Akauliza, "Febronia, kwenu ni upande gani hasa?"

"Upande wa mtoni, Dokta."

"Mto huu una pande nyingi," akasema, akatabasamu.

Jioni akafunga kabati la vidonge kwa kufuli mpya.

*Jumanne, 7 Aprili*

Nimemwona Viktor huku Lumemo. Alikuwa ameegemeza baiskeli kwenye mti wa mlangoni petu, anaongea na Mama Serafina. Nilijificha nyuma ya duka mpaka akaondoka. Mama Serafina anasema aliuliza kama yule mtoto wa kope anaendelea kwenda shule. Mtoto wa kope! Basi anajua. Na akijua yeye, Dokta anajua, na wote wawili wananitazama ninavyohesabu kama mimi ninavyoitazama minyoo.

*Ijumaa Kuu, 10 Aprili*

Minyoo hawajui Ijumaa Kuu. Zamu ya kuwahamisha ilikuwa yangu, kwa sababu Viktor yuko kwenye kwaya na Dokta amesafiri Moshi kwa Pasaka. Mzee Ngusa alikuwa kibandani kwake. Saa sita mchana, jua limetoka kwa mara ya kwanza wiki hii, mashine ya kukoboa kimya.

Nilijiambia naweka birika kwa ajili ya chai.

Mvuke uliinua mfuniko bila kuchana sahihi. Karatasi moja, mistari minane iliyopigwa taipu. Macho yangu hayakwenda kwa A. Yalikwenda moja kwa moja kwenye neno Saba.

Familia ya Saba ni D.

B, wale wanaochelewa, wale ambao vidonge vitawainua kope siku hiyohiyo, ni Familia ya Pili.

Nilikaa sakafuni. Chupa kumi na mbili, na hakuna hata moja ya Paulina. Halafu wazo likaja, likiwa na sauti tulivu kabisa: Machi umeme ulikatika mara ngapi? Na wewe ulikuwa mgeni, mkono unatetemeka. Una hakika uliwagusa sawasawa?

Chupa ya gundi haikuwapo mahali popote. Nikachukua punje tatu za wali kwenye bakuli langu la chakula, nikazisaga kwa kidole kama tulivyokuwa tukibandika barua shuleni. Bahasha ikafunga. Nikairudisha. Chai sikunywa.

*Pasaka, 12 Aprili*

Nimesali vibaya.

*Jumatatu, 13 Aprili*

Sikukuu, lakini hesabu ipo. D 17. Wanachelewa kidogo.

*Alhamisi, 16 Aprili*

D 15. Namshukuru Mungu.

*Jumatatu, 20 Aprili*

D 11. Sasa ni kama wa kawaida. Paulina amekula vizuri.

*Alhamisi, 23 Aprili*

D 8. Dokta alisimama nyuma yangu akasoma daftari la hesabu. "Ajabu," akasema. "Machi na Aprili kama sahani mbili tofauti."

"Umeme, Dokta," nikasema. "Machi joto lilikuwa linapanda kila siku kwenye kabati la kutunzia minyoo."

"Inawezekana." Alifikiri. "Mwezi huu umekaa vizuri. Pengine tuitupe Machi."

Nilihisi furaha iliyonitisha.

*Jumatatu, 27 Aprili*

Sisimizi. Nilipofungua kabati la majalada nilikuta mstari wao mwembamba ukipanda mguu wa kabati, ukipita jalada la pili, la tatu, ukiingia moja kwa moja chini ya mfuniko wa bahasha. Wamefuata wali.

Viktor alikuwa nyuma yangu. Sijui alikuja saa ngapi. Alitazama sisimizi, akatazama bahasha, akanitazama mimi. Akachukua kitambaa chenye spiriti akaupangusa mstari wote, kuanzia juu mpaka sakafuni.

"Mtani," akasema, "nchi hii hata gundi inaliwa." Akaondoka akipiga mluzi.

Atasema. Anasubiri siku nzuri ya kusema.

*Alhamisi, 30 Aprili*

D 8. Lakini leo kuna jambo nimeliona, na ninaliandika kabla sijapata nafasi ya kujibembeleza.

Nilikuwa kwenye D. Mnyoo wa saba. Kichwani, kimya. Mkiani, kimya. Kichwani, kimya. Kidole gumba kilikuwa juu ya kibofyo, na mkono wa kulia, wenyewe, ukashuka tena. Kichwani. Akatikisa ncha ya pua. Nikaandika: anasogea.

Nikasimamisha. Nikachukua E. Kimya, kimya, kimya, nikabofya. Mnyoo mwingine, hivyohivyo. Kwenye E mkono haushuki mara ya nne. Kwenye A haushuki. Nimerudi kwenye D nikijiangalia kama ninavyomwangalia Viktor, na mkono umeshuka.

Tangu Ijumaa Kuu. Hesabu zote tano za Aprili, na hii ya leo.

Nimemshuku Dokta kwa kuficha, Viktor kwa kutazama, hata Mzee Ngusa kwa kukaa kimya. Aliyeshika waya sikumshuku. Sasa naelewa kwa nini Dokta aliweka sahihi yake juu ya bahasha ambayo angeweza kuifungua wakati wowote. Alikuwa anajifungia mlango yeye mwenyewe.

Nikisema, nimeiba, nimedanganya, na nimemtoa mama hadharani. Nisiposema, Paulina atapewa vidonge. Na pengine mguso wa nne ndio ulio kweli, nani ajuaye? Minyoo ilitikisika. Niliona.

*Jumamosi, 2 Mei*

Sijasema.

*Jumatatu, 4 Mei*

Sijasema. Paulina ana joto.

*Jumatano, 6 Mei*

Naandika wodini, juu ya goti.

Jana asubuhi Paulina aliamka na homa, kope zimefunga kabisa. Alikuwa anainua kidevu ili anione. Mate hakuweza kuyameza. Nilimfunga mgongoni kwa kanga, mtoto wa miaka kumi na miwili, nikaendesha baiskeli, na Mama Serafina, yuleyule wa minyoo, akakimbia pembeni akimshikilia asianguke mpaka hospitali. Malaria, wakasema, wakamtundikia dripu. Saa nne pumzi ikakatika. Muuguzi akaleta barakoa yenye mfuko wa mpira, akanionyesha: minya, achia, hesabu tatu, minya. "Usiache mpaka nikwambie."

Kadi yake ina namba ya utafiti. Kwa hiyo walimwita Dokta Aikande. Aliingia akiwa bado na koti la mvua, akaja mpaka kitandani, akaona mkono ulioshika mfuko, akaufuata mkono mpaka usoni.

"Huyu ni nani wako?"

"Mdogo wangu, Dokta. Tumbo moja."

Nilihesabu pumzi nne.

"Nilikuuliza Januari."

"Uliniuliza, Dokta."

"Baadaye," akasema. Akageuka kwa muuguzi. "Bahasha tutaifungua leo, mchana huu. Hesabu za Aprili zinatosha. Kama familia yake iko upande wa kuchelewa, ninavyo vidonge, na jioni atakuwa anapumua mwenyewe."

Jioni atakuwa anapumua mwenyewe. Alilisema kwa upole, huku ameweka mkono kwenye mguu wa Paulina. Ningeweza kunyamaza tu. Nisingehitaji hata kudanganya. Minya, achia, moja, mbili, tatu.

"Usimpe," nikasema.

"Nini?"

"Usimpe, Dokta. Ni D. Nilifungua bahasha Ijumaa Kuu. Tangu siku hiyo D nawagusa mara nne. Aprili yote si kweli."

Muuguzi alitazama pembeni. Dokta hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mara nne," akasema.

"Sikujua kwamba nafanya. Mpaka Alhamisi. Tangu Alhamisi nilijua."

"Na leo ni Jumanne."

"Ndiyo, Dokta."

Akasimama pale muda ambao ulinitosha kumwona Paulina akizikwa. Halafu akasema, "Ungeniambia Januari nisingekunyima kazi. Ningekupa minyoo wa familia nyingine. Ni hivyo tu, Febronia. Hivyo tu." Akavaa kofia ya koti. "Machi siiamini kwa sababu ya umeme. Aprili siiamini kwa sababu yako. Tunaanza upya. Wewe usiache huo mfuko."

*Alhamisi, 7 Mei*

Mama amefika. Alitoka Mofu kwa mtumbwi wa Hermenegildi mpaka maji yalipoishia, kisha kwa miguu. Matope yamemkaukia mpaka magotini. Alinawa mikono akashika mfuko. Tunapokezana: yeye, mimi, Mama Serafina. Paulina akipata nafuu kidogo anapumua mwenyewe nusu saa, halafu tena.

Viktor amekuja na uji. Anasema anayehesabu ni Mzee Ngusa. Nilidhani ni utani.

"Kweli kabisa. Mimi Dokta amenikataa, eti ninamjua mtoto. Kwa hiyo mimi nahamisha, mzee anagusa. Na hasomi, basi Dokta amechora kwenye sahani: jembe, kikapu, samaki, mwezi. Herufi zako zimekwisha, mtani."

"Anajua kutumia kibofyo?"

"Amekikataa. Anasema kwao kilicho hai hakihesabiwi kwa mdomo wala kwa chuma. Ana punje za mahindi mfuko wa kushoto. Mnyoo akisimama, punje moja inahamia mfuko wa kulia. Anagusa mara tatu tu, hagusi ya nne hata Dokta akimsemesha. Huyu ndiye aliyekuwa anajua ng'ombe mmoja amepungua kati ya mia mbili kwa kutazama vumbi."

Nikamuuliza kwa nini alikwenda kwa Mama Serafina siku ile.

"Nilimwona mtoto kanisani anashindwa ngazi, wewe unamshika mkono. Nilitaka kujua kama ana mtu wa kumpeleka shule mvua hizi. Nina baiskeli."

"Mbona hukusema kwa Dokta?"

"Nikisema nini? Kwamba karani wetu ana mdogo wake?" Akakusanya bakuli. "Sisimizi ningewasema, lakini. Nilikuwa nakungoja wewe useme kwanza. Umenichosha kungoja, Mndamba wee."

Miezi miwili nimemwandika vibaya humu. Sitafuta. Ibaki kama nilivyoiona.

*Ijumaa, 8 Mei*

Minya, achia.

*Jumamosi, 9 Mei*

Hesabu tano zimekwisha. Dokta alikuja wodini saa tisa alasiri na bahasha ileile, na daftari, na Mzee Ngusa nyuma yake amevua kofia. Alitaka mama awepo. Akafungua mbele yetu, ingawa mimi nilijua.

"Samaki ni D," akasema. "D ni Familia ya Saba. Mzee, samaki walikuwa wangapi?"

Mzee Ngusa hakutaja namba. Alimimina punje za mfuko wa kulia kwenye kiganja cha mama, hesabu ya mwisho ya samaki. Mama akazitandaza kwenye shuka. Ishirini na moja.

Kama Machi. Kama nilivyohesabu mwenyewe nikiwa sijui kitu.

"Vidonge vile vingemuua?" mama akauliza.

"Vingemfunga pumzi, mama. Jumanne nilikuwa navyo mfukoni."

Mama alinitazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Halafu akauliza swali alilolileta kutoka Mofu: "Wale wangu wawili wa mwanzo. Nilirogwa, au niliwala kama wanavyosema?"

Dokta akakaa kitandani. "Hakuna aliyewala. Wewe una kasoro moja iliyolala, baba yao alikuwa nayo moja iliyolala. Mtoto akirithi zote mbili, anaumwa. Hukuijua, na huwezi kuisikia mwilini."

Mama alizikusanya zile punje moja moja akazifunga kwenye pindo la kanga.

Dawa ipo nyingine, kidonge cha zamani kinachotumika kwa pumu, hata zahanati wanacho. Dokta amesoma kwamba watu wachache wenye ugonjwa wa upande huu kimewasaidia. Haina haraka. Ni wiki, pengine miezi, na hakuna ahadi.

*Jumatatu, 11 Mei*

Paulina anapumua mwenyewe tangu jana asubuhi. Kope bado.

Dokta ameniita ofisini. Hakuwa na hasira tena. "Kwenye hadubini siwezi kukurudisha. Kwenye majalada pia siwezi, na unajua kwa nini." Nikasema najua. Nimekabidhi ufunguo. Ameniruhusu kufika mpaka mwisho wa Juni kupanga karatasi zisizo za siri na kusafisha meza.

*Alhamisi, 28 Mei*

Mvua imepungua. Hakuna mabadiliko.

*Jumatano, 10 Juni*

Hakuna mabadiliko. Nimeanza kuishuku dawa.

*Ijumaa, 19 Juni*

Jua. Mofu wanavuna, mama ametuma pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, bado ina harufu ya moshi. Paulina alitafuna muda mrefu bila kushika taya kwa mkono. Nikamwongezea.

*Jumapili, 28 Juni*

Alichukua kitana. Nilitaka kukipokea, akakivuta. Alijichana upande wa kushoto wote, mpaka nyuma ya sikio, na kabla ya kufika upande wa kulia mkono ukashuka. Akapumzika. Nikamwambia inatosha. Akaniambia, "Dada, usinihesabie." Akauinua tena.

*Jumanne, 30 Juni*

Siku yangu ya mwisho kwenye kiti hiki. Mimi na Paulina tunarudi Mofu kwa mama, na sasa naongea na wewe.

Vidonge vya Paulina vitafika mezani kwako kila mwanzo wa mwezi, kwenye bahasha ndogo. Dokta ameahidi, na ahadi yake naiamini. Utakayeituma ni wewe. Kuanzia Julai mpaka mvua zianze, mpe mtu yeyote wa samaki wa Mofu, wanapanga baiskeli zao sokoni asubuhi. Maji yakipanda, mtume Viktor, anamjua Hermenegildi wa mtumbwi. Juu ya bahasha andika "F., dungu la Balbina." Usiandike namba saba mahali popote. Usitumie wali kubandika.

Barua ikitoka ng'ambo ikisema dawa hii ina madhara, au wamepata nyingine bora, usisubiri mtu wa samaki. Njoo mwenyewe. Ukifika kwenye tuta la mwisho la mpunga ulizia mama anayeamia ndege na ana mabinti wawili, watakuonyesha. Simama chini ya dungu, piga hodi mara tatu. Tukiwepo utaitikiwa kabla ya ya tatu, siku hizi Paulina ana sauti.

Ikiwa kimya, hatupo. Usipige ya nne. Andika hivyo, kwamba ulikuja na hukutukuta, na urudi siku nyingine.